Askari Ahamishwapo, Shule ya Mtoto Je?

Amri ya uhamisho haina maneno mengi. Askari hupewa tarehe, jina la kikosi kipya na nafasi katika lori. Nyumbani magodoro hufungwa, sufuria hupangwa ndani ya karai, kuku huuzwa au kugawiwa majirani. Katika shughuli hizo zote kuna jambo moja ambalo aghalabu halikumbukwi mpaka lori limekwisha kuwashwa, nalo ni shule ya mtoto.

Nchini Uganda jambo hilo ni zito kuliko wengi wanavyolidhania. Mtoto wa mkulima huweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza la saba chini ya mwembe ule ule. Mtoto wa askari wa jeshi au wa polisi huweza kupita shule tatu au nne katika muda huo, na kila ahamapo hubadilisha mwalimu, rafiki na, lililo kubwa zaidi, lugha ya darasani.

Kwanza yafaa wazazi wajue haki yao. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulianza mwaka 1997. Hapo mwanzo serikali iliahidi kulipia watoto wanne wa kila nyumba, na penye wasichana wawili kati yao wawe wasichana. Baadaye mpaka huo uliondolewa, na watoto wote wakafunguliwa mlango. Shule zilizokuwa na wanafunzi wapatao milioni 3 mwaka 1996 zilijikuta na zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata. Madarasa yalifurika, na walimu waliokuwa wakifundisha watoto 50 wakakuta 100 wamekaa sakafuni. Hata hivyo mlango haukufungwa tena. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilisema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, huanza mtoto atimizapo miaka 6 na huchukua miaka 7. Sheria hiyo haimuulizi mzazi kabila wala wilaya alikozaliwa. Familia iliyofika jana kutoka upande wa pili wa nchi ina haki ile ile ya kuandikisha mtoto katika shule ya serikali iliyo karibu na kambi.

Haki hiyo haina budi kusindikizwa na karatasi. Mama wa nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye abakiaye na watoto mumewe akiwa doria au akiwa nje ya nchi, asingoje baba arudi ndipo aende shuleni. Sheria humtaja mzazi au mlezi, na mama ni mzazi kamili. Siku chache kabla ya safari amwone mwalimu mkuu wa shule ya zamani, aombe barua ya uhamisho, ripoti ya muhula wa mwisho, na namba yoyote ambayo mtoto alipewa katika kumbukumbu za shule. Madaftari ya zamani nayo yasifanywe karatasi za kufungia karanga. Mwalimu mpya akifungua daftari la Hisabati kwa dakika tano, hujua mtoto amefika wapi kuliko ripoti yenye alama nyekundu na neno moja la pongezi.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapo ndipo watoto wengi wa kambini hujikwaa.

Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa ya chini, yaani la kwanza hadi la tatu, huagiza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, huku Kiingereza kikiwa somo. Darasa la nne ni daraja la kuvukia, na kuanzia la tano masomo ni kwa Kiingereza. Agizo hilo lina busara yake: mtoto husoma upesi zaidi katika lugha aliyoizoea nyumbani. Lakini mtaala huo ulimfikiria mtoto asiyehama. Mtoto wa askari huenda anasema Kiswahili na wenzake uwanjani, lugha ya mama jikoni, na darasani hukuta lugha ya tatu isiyo hii wala ile.

Tazama tofauti zilivyo. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiacholi huko Gulu amezoea kwamba mtu ni dano, nyumba ni ot, na kitabu ni buk. Akifika Kampala huambiwa kwa Kiganda kwamba mtu ni omuntu, nyumba ni ennyumba, na kitabu ni ekitabo. Kwa yule anayejua Kiswahili maneno haya ni kama ndugu waliopotezana, kwa kuwa Kiganda na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Kwa yule aliyejua Kiacholi peke yake ni mwanzo mpya kabisa. Hata huyo wa Kiswahili asijidanganye. Katika Kiganda herufi ikiandikwa mara mbili hubadilisha maana: okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Mwandishi mdogo asiyejua hayo huweza kuachilia mbuzi kwenye imla, mwalimu akasoma kwamba kamwua.

Hapo wazazi hukosea kwa njia mbili. Wengine humrudisha mtoto nyuma darasa zima, eti aanze upya. Kumrudisha mtoto anayejua hesabu na sayansi kwa sababu tu hajui jina la nyumba kwa lugha ya wilaya ni kumwadhibu kwa kosa la lori. Wengine huchukua mkopo na kumpeleka shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kisha muhula wa pili fedha zikawaishia. Njia iliyo bora ni kuuliza kabla ya kuandikisha. Katika miji yenye mchanganyiko wa makabila, shule huruhusiwa kutumia Kiingereza hata katika madarasa ya chini, na shule zilizo ndani ya kambi au jirani nazo mara nyingi ni za namna hiyo. Kama hakuna shule hiyo karibu, mzazi amwombe mwalimu amkalishe mtoto pamoja na mwenyeji mwenye moyo mwema, na nyumbani jirani mwenyeji ashikwe mkono: nusu saa ya hadithi kila jioni kwa lugha ya mahali hapo hufanya kazi kubwa, nayo haina ada.

Kiswahili chenyewe, lugha ambayo askari wa Uganda wameitumia tangu siku za jeshi la wakoloni, kimechelewa sana kuingia darasani. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 juu ya elimu ulikwisha kutaka kifundishwe katika shule za msingi. Badiliko la katiba la mwaka 2005 likakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima. Ni ajabu kwamba mtoto wa kambini, aliye na lugha hiyo mdomoni bure, huwa hapati alama hata moja kwa ajili yake.

Mwenye mtoto wa darasa la saba na awe na hadhari ya pekee. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii. Kila somo hupimwa kutoka 1 hadi 9, na aliye bora kabisa hupata jumla ya 4. Jumla isiyozidi 12 ni daraja la kwanza. Watahiniwa huandikishwa mapema katika mwaka, miezi mingi kabla ya mtihani, na kila mmoja hufungwa na kituo chake. Mtoto akishaandikishwa, ni afadhali abaki kwa jamaa au rafiki wa kuaminika mpaka afanye mtihani, kuliko kumfuata baba na kukuta jina lake liko Soroti naye yuko Masaka. Kwa mwanafunzi wa mpango wa serikali, ada ya mtihani hulipwa na serikali. Anayeombwa ada hiyo ana haki ya kuuliza ni ya nini.

Kuuliza juu ya fedha si utovu wa nidhamu. Uchunguzi uliofanywa juu ya miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika ruzuku iliyotengewa kila mwanafunzi, shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu; nyingine zilipotelea njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea mahali pa wazi. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Kwa hiyo mzazi mgeni aingiapo shuleni, ubao wa matangazo uwe kitu cha kwanza anachosoma, na mkutano wa wazazi na walimu usiachiwe wenyeji peke yao.

Chakula cha mchana, sare, madaftari na matibabu, sheria imemwachia mzazi. Wengi husikia neno bure wakadhani na uji umo. Mtoto anayekaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri bila kitu tumboni haoni tena ubaoni. Wazazi wanaokubaliana kuchangia mahindi na maharage hulisha watoto kwa gharama ndogo kuliko kila nyumba kufunga chakula chake. Ila mchango huo ni wa hiari, na usigeuzwe fimbo ya kumfukuzia mtoto.

Fimbo yenyewe imekatazwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, kumpiga mwanafunzi shuleni ni kosa. Baba aliyezoea nidhamu ya gwaride asimwambie mwalimu mpya kwamba amempa ruhusa ya kumchapa mwanawe, kwa kuwa ruhusa hiyo hana. Afadhali amwambie mambo yatakayomsaidia mwalimu: shule alizopitia mtoto, lugha anazozijua, na kama alikuwa miongoni mwa wale waliokosa masomo kati ya Machi 2020 na Januari 2022 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati huo alirudi akiwa na umri wa kutosha la tatu, hali herufi nyingi zimemtoka. Pengo la namna hiyo halionekani katika barua ya uhamisho. Ni mzazi tu awezaye kulieleza, nalo lasemwa siku ya kuandikisha, kabla mtoto hajapewa dawati.