Nani Kasema Wachina Hawakuwa na Nadharia?

Somo letu la Nadharia za Fasihi huanzia Ugiriki. Plato anawafukuza washairi, Aristotle anawarudisha, kisha tunaruka karne nyingi hadi Ulaya ya juzi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza: je, Wachina? Akajibiwa kwamba Wachina wa kale walikuwa na mashairi mazuri na semi za busara kuhusu mashairi, ila nadharia hawakuwa nayo. Tukaandika hivyo madaftarini. Mimi niliandika hivyo hata kwenye mtihani, nikapewa alama.

Kwa heshima zote, jibu hilo si kweli.

Mwanzoni mwa karne ya 6, Liu Xie alikamilisha Wenxin Diaolong, jina ambalo naweza kulifasiri kama Moyo wa Fasihi na Uchongaji wa Majoka. Kitabu kina sura 50. Takribani sura 20 zinachambua tanzu: ushairi, maombolezo, historia, amri za mfalme, hata barua. Katika kila utanzu anaeleza chimbuko lake, maana ya jina lake, anateua mifano, halafu anatoa kanuni. Baada ya hapo anaingia katika ubunifu, mtindo, tashbihi, utiaji chumvi na upangaji wa sentensi. Kama huo si utaratibu, basi hata sisi wenye vitabu vya kiada hatuna.

Lakini sura ninayoitetea hasa ni ya 48. Inaitwa Zhiyin, yaani mwenye kuijua sauti. Jina linatokana na kisa cha Bo Ya, mpiga kinanda cha nyuzi, na rafiki yake Zhong Ziqi. Bo Ya akiwaza mlima, Ziqi aliusikia mlima. Akiwaza maji, aliyasikia maji. Ziqi alipofariki, Bo Ya alikata nyuzi zake. Liu Xie anauliza kwa nini msikilizaji wa namna hiyo ni adimu, na majibu yake yanatuuma hadi leo: tunaabudu wa kale na kuwadharau wanaoishi nasi, tunajisifu na kuwashusha wenzetu, kila mtu husifu kinachoafiki tabia yake. Kisha anatoa dawa. Mhakiki achunguze mambo sita: umbo la utanzu, uteuzi wa maneno, mwendelezo na mabadiliko, ya kawaida na ya ajabu, matumizi ya visa vya kale, na mlio.

Hapo wengine husema, basi huyu ni Aristotle wa China, au ni mtangulizi wa Iser na Jauss, Wajerumani waliompa msomaji nafasi yake. Sifa hizo nazikataa pia. Mbona hakuna amwitaye Aristotle Liu Xie wa Ugiriki? Isitoshe, Liu Xie anapingana na Iser. Kwake, mwandishi hutoka kwenye hisia akaja kwenye maneno, na msomaji hurudi kwa njia hiyohiyo mpaka aifikie hisia. Iser anaona mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe. Mmoja wao amekosea, au wote wawili wamekosea kidogo, na huo ndio mjadala tulionyimwa darasani.

Nakubali kwamba uhakiki wa Kichina una makosa yake. Zhong Rong, aliyeishi zama za Liu Xie, aliwapanga washairi zaidi ya 120 katika madaraja matatu. Tao Yuanming, ambaye vizazi vya baadaye vimemweka juu kabisa, akamtia daraja la kati. Kosa kubwa! Ila tunaweza kulionyesha kosa hilo kwa sababu mtu huyu alikuwa na vigezo. Semi za busara tu hazikosoleki hivyo.

Inasimuliwa kwamba Liu Xie, akiwa hana jina, alibeba kitabu chake mgongoni kama mchuuzi, akamngoja njiani Shen Yue, mwandishi na ofisa mkubwa, hadi gari lake lilipopita. Shen Yue alikisoma, akakiweka mezani pake.

Sijui Kichina, nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya Vincent Shih ya 1959. Sura ya 48 ni kurasa chache tu. Wahadhiri wetu, tunaomba kipindi kimoja.