Moyo wa Kima Mwembeni



Likizo iliyopita kamati ya msikiti wetu ilipokea barua mbili, na kwa kuwa ukatibu uko mikononi mwetu, zote tulizisoma sisi kwanza. Ya kwanza iliandikwa na mama mmoja wa mtaani. Shule imefungwa, alisema, madrasa nayo imepumzika, na simu ya baba ndiyo imekuwa mlezi wa wanawe. Je, hakuna chumba wala mtu wa kuwakusanya walau saa mbili? Tukawakusanya barazani, tukawasomea hadithi na kuwapa maboksi, mikasi na gundi ya unga wa ngano. Siku kumi baadaye ikaja barua ya pili. Mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza alihoji kwa nini katika eneo la msikiti watoto wanaunda wanyama, tena wanasomewa habari za wanyama wanaosema, jambo ambalo ni uongo mtupu.

Tukiri kwamba barua ile ilitutia haya. Mzee huyo alitufundisha alifu na be, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: suala la sanamu na picha limejadiliwa na maulamaa kwa karne nyingi, na wapo wasiolegeza hata kwa mchezo wa mtoto. Basi kabla ya kumjibu tulirudi vitabuni.

Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Bi. Aisha (Allah amridhie) alikuwa na wanasesere, na katikati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (rehema na amani ziwe juu yake) alipomwona alimuuliza, farasi ana mbawa? Naye akajibu kwa kuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Tazama jambo hili lilivyo: khabari iliyosikiwa imegeuka kitu cha kushikwa, kilichotengenezwa kwa matambara, na jibu la mwenye kukimiliki limepokewa kwa kicheko. Tena katika Bukhari na Muslim, Bi. Rubayyi binti Muawwidh anaeleza namna walivyowafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, ili mtoto akililia chakula apewe hicho mpaka magharibi.

Kuhusu uongo, tulimjibu mzee kwa tahadhari. Chungu na Hudhud wa Surat An-Naml hatuwachanganyi na sungura. Ile ni haki iliyoteremshwa, huyu ni mfano uliotungwa. Tofauti hiyo tunawaambia watoto waziwazi kabla ya kufungua kitabu, na kusema kweli wanaijua kuliko tunavyodhani. Hakuna mtoto aliyewahi kwenda pwani kumtafuta papa wa kuzungumza naye.

Papa tunayemsema ni yule wa hadithi ya kima. Alifanya urafiki na kima aliyekaa juu ya mkuyu, akamwalika kwao, na walipofika katikati ya bahari akamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, ungeniambia mapema! Sisi huacha mioyo yetu mitini. Papa akarudi, kima akapanda mtini, na huko juu akamsimulia kisa cha punda wa dobi, aliyemkimbia simba mara ya kwanza kisha akarudi kwa maneno ya sungura, akaliwa.

Bibi zetu walitusimulia hadithi hii gizani bila kitabu. Ilichapishwa London mwaka 1870, katika mkusanyiko wa Edward Steere, mmishonari Mwingereza, aliyeipata kwa watu wa Unguja. (Inauma kidogo kwamba hadithi ya bibi zetu ilisubiri mmishonari aiandike.) Lakini asili yake ni mbali zaidi. Imo katika Kalila wa Dimna, kitabu chenye asili ya Bara Hindi, ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kutoka Kiajemi cha kale katika karne ya 8. Humo aliyembeba nyani ni kasa, na aliyemlaghai punda ni mbweha. Hadithi ilipofika kwetu ikapata papa na sungura.

Watoto walitengeneza papa kwa boksi la viatu, macho yake vizibo vya soda. Kima alikuwa kifuu cha nazi chenye mkia wa kamba ya usumba, na singa za simba zilitoka katika kumbi. Moyo ulishonwa kwa kitambaa chekundu, ukatundikwa kwenye mwembe wa uani. Tulisoma mpaka pale papa anapotaja dawa, tukafunga kitabu. Kila mmoja akamshika mnyama wake na kutafuta njia ya kujiokoa. Mvulana mmoja mzito wa kusoma, ambaye hukaa nyuma kila siku, aliomba kitabu aone mwenyewe kima alisema nini. Alisoma nusu ukurasa, kwa kidole, neno kwa neno, na wenzake hawakumharakisha.

Kisha binti wa miaka minane akauliza: kima naye alisema uongo, je, ana dhambi? Tulinyamaza kitambo. Tukawaeleza kwamba maulamaa wameruhusu maneno ya namna hiyo pale mtu asiye na hatia anapotaka kuuawa, na kwamba papa ndiye aliyeanza kwa kumwita rafiki. Binti hakutosheka. Alisema papa naye alimhurumia sultani wake. Mjadala ulituchukua hadi adhana ya alasiri.

Mzee wetu bado hajaafiki, na tumeheshimu rai yake: vifaa vyote vimehamia uani kwa bibi mmoja jirani, wala hakuna kiundwa kinachoingia mahali pa kuswalia. Hata hivyo, wajukuu zake wawili huja, na mdogo ndiye aliyeshona moyo.

Jumamosi hii ni zamu ya Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Tunaomba makopo matupu ya maziwa, makubwa na madogo, la kuzaa na la kuzaliwa.