Uchambuzi: Vyuo vya sheria nchini Rwanda vipimwe kwa kipimo gani?

KIGALI – Kila matokeo ya mtihani wa taifa wa kuhitimu sekondari yanapotangazwa, mjadala mmoja hurejea katika nyumba nyingi za Nyamirambo, Biryogo na vitongoji vingine vya mji mkuu ambako Kiswahili husikika barazani na dukani: kijana anayetamani kuwa wakili au hakimu asome wapi? Jamaa mmoja hukitaja Chuo Kikuu cha Rwanda kwa sababu ya jina lake. Mwingine hutetea chuo binafsi kilicho jirani, ambako mwanafunzi anaweza kufanya kazi mchana na kusoma jioni. Wa tatu huuliza ada tu.

Hoja zote hizo zina uzito wake, lakini hazitoshi. Shahada ya sheria haimalizi safari, na chuo kinachong'aa kwenye mabango ya barabarani si lazima kiwe ndicho kinachomfikisha mwanafunzi mahakamani akiwa amevaa joho. Uchambuzi huu unaviweka vyuo hivyo kwenye mizani, na unaeleza kwa nini jambo hili linamgusa hata msomaji asiye na mtoto wa kumpeleka chuoni.

Historia iliyoacha pengo

Hali ya sasa haieleweki bila kukumbuka mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliua majaji, waendesha mashtaka na mawakili, na wengine waliokuwa hai walikimbia nchi. Takwimu zinazonukuliwa mara nyingi zinaonyesha kuwa kati ya majaji wapatao 750 walibaki 244, na kati ya waendesha mashtaka 70 walibaki 12. Wakati huohuo, magereza yalijaa makumi ya maelfu ya watuhumiwa waliosubiri kusikilizwa.

Nchi ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mahakama za Gacaca, ambamo wananchi waadilifu walioitwa inyangamugayo waliamua kesi bila kuwa wanasheria. Hadi zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, mahakama hizo zilikuwa zimeshughulikia kesi zipatazo milioni 1.9. Njia ya pili, isiyozungumzwa sana, ilikuwa kuwasomesha upya wanasheria wa taifa zima. Chama cha Mawakili cha Rwanda kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mageuzi ya mahakama ya mwaka 2004 yalidai majaji wawe na shahada ya sheria, katika nchi ambayo hadi wakati huo wengi wa waliokaa kitini hawakuwa nayo.

Sharti hilo lilizaa mahitaji makubwa ambayo chuo kimoja cha umma kisingeweza kuyabeba peke yake. Ndipo vyuo binafsi vilipopata nafasi yao.

Nani anafundisha nini, na wapi

Chuo cha umma ndicho kikongwe. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa mjini Butare, ambao sasa unaitwa Huye, mwaka 1963. Mwaka 2013 kiliunganishwa na taasisi nyingine za umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Skuli yake ya sheria, ambayo makao yake ya kimapokeo ni Huye, imewapika majaji, mawaziri na wahadhiri wengi, wakiwemo baadhi ya wanaofundisha katika vyuo binafsi. Faida yake kubwa kwa familia ya kipato cha chini ni kwamba mwanafunzi anayekubaliwa anaweza kuomba mkopo wa serikali unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Gharama yake nyingine ni umbali: Huye iko yapata kilomita 130 kutoka Kigali, na mwanafunzi wa kutwa hawezi kubaki na kibarua chake mjini.

Chuo Kikuu Huru cha Kigali, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake ULK, kilianzishwa mwaka 1996 na Profesa Rwigamba Balinda. Kina kampasi Gisozi mjini Kigali na nyingine Gisenyi, mpakani na Kongo. ULK kilijijengea sifa kwa masomo ya jioni katika miaka ambayo watumishi wengi wa serikali na mashirika walihitaji shahada bila kuacha kazi. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya tabaka la wanasheria walioijaza Kigali baada ya vita walisoma baada ya saa za kazi.

UNILAK, chuo kilichoanzishwa na Waadventista walei mwaka 1997, nacho kina kitivo cha sheria na hupokea wanafunzi wa dini zote. Kaskazini, mjini Musanze, INES-Ruhengeri kilifungua milango mwaka 2003 chini ya kivuli cha Kanisa Katoliki na kinafundisha sheria pamoja na fani nyingine. Chuo Kikuu cha Kigali, kilichoanzishwa mwaka 2013, ni miongoni mwa wageni katika orodha hii.

Kwenye karatasi, vyuo hivi vyote hutoa kitu kimoja: shahada ya kwanza ya sheria inayotambuliwa na Baraza la Elimu ya Juu. Masomo ya msingi pia yanafanana, kuanzia sheria ya mikataba, jinai, ardhi na familia hadi mwenendo wa mashauri. Tofauti huanza pale mtu anapouliza namna masomo hayo yanavyofundishwa.

Mlango wa Nyanza

Mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Chini ya kilomita 100 kusini mwa Kigali, katika mji wa Nyanza uliokuwa makao ya wafalme, iko Taasisi ya Utendaji na Maendeleo ya Sheria, ILPD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Hapo wahitimu wa vyuo vyote hukutana darasa moja, wale wa Huye na wale wa Gisozi, wa umma na wa binafsi, pamoja na wageni kutoka nchi nyingine za Afrika. Hujifunza kuandaa hati za mashtaka na utetezi, kuhoji shahidi, kuandika hukumu na kuzingatia maadili ya kazi, kisha huenda mafunzoni kwa vitendo. Mji huohuo una chumba maalumu cha Mahakama Kuu kinachosikiliza kesi za jinai za kimataifa, zikiwemo zilizohamishwa kutoka mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha.

Nyanza ndiyo mizani ya kweli. Pale jina la chuo halimsaidii mtu asiyejua kuandika hoja. Aliyekariri maelezo ya mhadhiri kwa miaka minne hugundua kwamba mteja haji na swali la mtihani. Huja na mkataba uliokunjwa mfukoni, na mgogoro wa mpaka wa shamba ulioanza kabla wakili huyo hajazaliwa.

Jirani zetu wameshaonja uchungu wa kupuuza mlango huo. Oktoba 2022 nchini Tanzania, matokeo ya Shule ya Sheria yalizua kilio: kati ya watahiniwa 633, ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe. Lawama zilirushwa pande zote. Wapo walioilaumu shule hiyo kwa ukali, na wapo waliovilaumu vyuo vikuu kwa kutoa shahada zisizo na uzito. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba shahada zinaweza kufanana kwa muhuri na kutofautiana kwa maarifa, na kwamba anayelipia tofauti hiyo ni mwanafunzi, baada ya miaka yake na fedha za wazazi wake kutumika.

Vipimo vinne kwa mzazi na mwanafunzi

Kila chuo hujisifu, na mwamba ngoma huvutia kwake. Ni busara basi kuuliza maswali ambayo bango haliyajibu.

La kwanza ni walimu. Je, wahadhiri ni wa kudumu, au ni watu wanaokimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine jioni hiyohiyo? Kigali ina wanasheria hodari wanaofundisha kwa muda, na uzoefu wao wa mahakamani ni hazina. Lakini chuo kinachowategemea hao pekee hakina mtu wa kumsimamia mwanafunzi anapoandika utafiti wake.

La pili ni vitabu na sheria zenyewe. Mwaka 2019 Rwanda ilifuta kwa mkupuo sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Kanuni ya adhabu ni ya mwaka 2018, mwaka ambao pia Mahakama ya Rufani ilianzishwa. Chuo ambacho maelezo yake ya darasani hayajaguswa kwa miaka kumi kinafundisha nchi ambayo haipo tena.

La tatu ni mazoezi. Kliniki za msaada wa kisheria, ambamo wanafunzi huwasikiliza wananchi wasio na uwezo chini ya uangalizi wa walimu, ndizo karakana za mwanasheria. Baadhi ya vyuo hivi vinazo, na vinashirikiana na Jukwaa la Msaada wa Kisheria lililoanzishwa mwaka 2006. Mahakama za mfano, ambamo wanafunzi wa vyuo mbalimbali hushindana kutetea kesi za kubuni, nazo hupima kile ambacho mtihani wa karatasi hauwezi. Tangu mwaka 2016 mashauri huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki, na tangu mwaka 2012 Kigali ina kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya biashara. Mwanafunzi aulize kama atahitimu akiwa amegusa mambo hayo kwa mikono yake.

La nne ni uthabiti wa chuo chenyewe. Mwaka 2020 serikali ilivifunga vyuo vikuu na taasisi binafsi tatu, na wanafunzi wakalazimika kutafuta pa kuhamia. Chuo kinachochelewesha mishahara ya walimu wake kinatoa onyo la mapema kwa anayetaka kusikia.

Kuna kipimo cha tano ambacho mzazi hawezi kukipata peke yake. Nchini Marekani, chama cha wanasheria kinachoidhinisha vyuo vya sheria huvitaka vichapishe ni wahitimu wangapi wamefaulu mtihani wa uwakili, na chuo ambacho wahitimu wake hawafiki asilimia 75 ya ufaulu ndani ya miaka miwili huhatarisha idhini yake. Hakuna sababu ya Rwanda kushindwa kufanya jambo la namna hiyo. Kwa kuwa wahitimu wa vyuo vyote hupitia Nyanza, takwimu za ufaulu zikipangwa kwa chuo alikotoka kila mwanafunzi na kutolewa kila mwaka, zitawafaa wazazi kuliko matangazo mia. Vyuo vizuri havitakuwa na la kuogopa, na vilivyo dhaifu vitajua pa kuanzia.

Lugha ya sheria, lugha ya mteja

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili liko jambo la ziada. Mwanafunzi wa sheria nchini Rwanda husoma zaidi kwa Kiingereza, kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008 kuhusu lugha ya kufundishia. Hata hivyo hukutana na maandishi mengi ya Kifaransa, kwa kuwa mzizi wa sheria za nchi ni mfumo wa Kibelgiji. Kisha huingia mahakamani ambako watu hujieleza kwa Kinyarwanda. Lugha tatu ni mzigo tayari.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nne mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hadhi hiyo bado haijageuka kuwa mtaala wa sheria. Kijana aliyekulia Biryogo na kuzungumza Kiswahili tangu utotoni hufika chuoni na kuikuta hazina yake haina pa kutumika. Wakati huohuo, dereva wa lori kutoka Mombasa, mfanyabiashara kutoka Bukavu au mama aliyeolewa kutoka Kigoma anaweza kusimama mbele ya hakimu akimtegemea mkalimani. Mkalimani ni haki yake. Lakini wakili anayemwelewa mteja wake bila mtu wa kati humsikia hata pale anaposita.

Mfano uko karibu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na tangu hapo istilahi za kisheria za Kiswahili zinazidi kukomaa. Rwanda haihitaji kufuata njia hiyo hatua kwa hatua. Kozi moja ya Kiswahili cha kisheria, iwe Huye, Gisozi au Nyanza, ingetosha kuanzia. Chuo kitakachotangulia kuitoa kitawapa wahitimu wake soko linaloanzia Rusumo hadi Dar es Salaam, na kutoka Gisenyi kuingia Goma.

Tunakoelekea

Miaka thelathini iliyopita swali lilikuwa kama Rwanda itapata wanasheria wa kutosha kuendesha mahakama zake. Hilo limejibiwa, na vyuo binafsi, pamoja na kasoro zao, vina sehemu katika jibu hilo. Swali la leo ni ubora, nalo halijibiwi kwa kubishana kama cha umma ni bora kuliko cha binafsi. Chuo cha umma kina mkopo na mapokeo, vyuo vya Kigali vina saa za jioni na ukaribu wa mahakama, na Musanze kuna kampasi iliyo karibu na wakazi wa kaskazini. Kila familia itachagua kwa kadiri ya mfuko wake.

Lakini wakala wa uchaguzi huo, ambaye hayupo mezani, ni yule mwananchi atakayemkabidhi mhitimu huyo kesi ya shamba lake, ya mtoto wake au ya uhuru wake. Yeye hatauliza wakili wake alisoma wapi. Atataka kujua kama anaijua sheria, na kama anamwelewa anaposema.