Mtoto mwenye usonji asemeshwe kwa lugha gani?

MIONGONI mwa maswali yanayowasumbua wazazi wa watoto wenye usonji waishio ugenini, lipo moja ambalo mtaalamu hulijibu kwa sentensi moja, na familia ikaishi na jibu hilo kwa miaka mingi: mtoto huyu asemeshwe kwa lugha gani?

Jibu ambalo wazazi wengi wamepewa, huko Marekani na Kanada na hata katika miji yetu, ni kuiweka kando lugha ya nyumbani na kubaki na moja tu, ile ya shuleni. Hoja hiyo husikika kuwa nzito. Mtoto ambaye lugha moja imemshinda, mbili ataziweza vipi?

Hata hivyo, ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2012, watafiti Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Kanada uliohusu watoto 75 wenye usonji, wengine wakilelewa kwa lugha moja na wengine kwa zaidi ya moja. Wale wa lugha zaidi ya moja hawakuonekana kuchelewa kusema kuliko wenzao. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuona madhara pia. Kinachochelewesha usemi wa mtoto ni usonji wenyewe, wala si lugha ya mama yake.

Madhara yanaweza kutoka upande mwingine. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni na kazini, akiambiwa amlee mtoto kwa lugha hiyo, atabakiwa na maneno ya amri: njoo, kaa, kula, acha. Mzaha, bembelezi, hadithi na hata karipio lenye mapenzi ndani yake havimjii kwa lugha ya kuazima. Bibi na shangazi nao hunyamaza, kwa kuogopa kumharibu mtoto. Usonji ni hali inayomtatiza mtu katika kuwasiliana na wenzake. Ni ajabu basi kwamba dawa iliyopendekezwa ni kumpunguzia watu wa kuwasiliana nao.

Pengo hili kati ya wataalamu na familia halijaonekana wazi popote kama katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kwenye jumuiya kubwa ya Wasomali. Wengi wao walipitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya kabla ya kufika huko, na wapo wanaokisema Kiswahili vizuri.

Mwaka 2008, wazazi wa Kisomali mjini humo walianza kuhoji kwa nini watoto wao walikuwa wengi mno katika madarasa ya awali ya watoto wenye usonji. Lugha yao haikuwa na neno la hali hiyo. Mwaka 2009 Idara ya Afya ya Minnesota ilikiri kwamba uwiano wa watoto hao madarasani ulikuwa mkubwa, lakini ikasema hilo halithibitishi kwamba usonji wenyewe umewazidi.

Jibu kamili zaidi lilitoka Desemba 2013, kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Ulikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya 32 wa Kisomali alikuwa na usonji, na mmoja kati ya 36 wa Kizungu, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Lililojitokeza ni kwamba watoto wa Kisomali wenye usonji walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa pia na ulemavu wa akili. Sababu yake haikuelezwa.

Miaka mitano ni mingi kwa mzazi anayesubiri, na wapo waliofika mapema zaidi wakiwa na jibu mkononi. Andrew Wakefield, ambaye makala yake ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, mwaka ambao pia alifutiwa usajili wa udaktari Uingereza, alikwenda kuzungumza na wazazi hao. Chanjo haisababishi usonji. Tafiti kubwa za nchi kadhaa zimelithibitisha hilo. Lakini kiwango cha watoto wa Kisomali waliopata chanjo hiyo kwa wakati kiliporomoka kutoka asilimia 92 kwa waliozaliwa mwaka 2004 hadi asilimia 42 kwa waliozaliwa mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ikalipuka na kuwapata watu 75 jimboni humo, wengi wao wakiwa watoto wa Kisomali.

Ni rahisi kuwaita wazazi hao wajinga, na wapo waliowaita hivyo. Mwandishi huyu haoni hivyo. Waliuliza swali la haki, na aliyewajibu kwanza ndiye waliyemsikiliza. Katika mlipuko huo idara ya afya ililazimika kuwategemea maimamu na wahudumu wa afya wa Kisomali.

Huku kwetu, lugha nyingi katika nyumba moja ni jambo la kawaida. Mtoto wa Mwanza aweza kusikia Kisukuma kwa bibi, Kiswahili kwa majirani na Kiingereza katika shule ya kulipia. Vipimo vingi vya usonji, kwa upande wake, vimetungwa Ulaya na Marekani. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walikwisha kutunga kipimo cha ukuaji wa watoto kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa huko anavifahamu. Hakikutungwa mahususi kwa ajili ya usonji, lakini kimeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana.

Kwa mzazi ambaye tayari ameshauriwa kuiacha lugha yake, lipo jambo la kumwomba mtaalamu: amfundishe mazoezi ayarudie nyumbani kwa lugha anayoijua. Kadi ya picha ya kikombe ni ileile, mama akisema kikombe au akitumia neno la kwao.