Kiingereza cha Pasipoti

Mwaka jana nilikwenda nyumbani Momela kumjulia hali mama yangu, na mkuu wa shule moja ya msingi ya binafsi, iliyo chini ya mlima Meru, akanialika nije nishuhudie neema iliyoishukia shule yake. Neema yenyewe ilikuwa kijana wa Kizungu wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa amemaliza shule kwao lakini hajaingia chuo. Alikuwa na wiki tatu za kuwangoja wenzake wa kupanda nao mlima, na katika wiki hizo alikabidhiwa darasa la sita na la saba awafundishe Kiingereza. Nilikaa nyuma ya darasa kipindi kizima. Kijana alikuwa mwema, mcheshi na mwenye haya ya kupendeza. Mimi sina neno naye. Aliwaimbisha watoto wimbo wa wanyama, akawauliza majina ya ndugu zao, akapiga picha. Msichana mmoja alipomwuliza kwa nini vitenzi vingine hugeuka umbo katika wakati uliopita na vingine havigeuki, alicheka akajibu kuwa ndivyo isemwavyo tu. Mwalimu mwenye darasa, mama aliyefundisha Kiingereza miaka ishirini na ambaye angalilijibu swali lile hali amefumba macho, alikuwa amesimama mlangoni ameshika chaki za mgeni.

Msomaji anayeijua nchi yetu anajua kwamba apandaye Meru huanzia lango la Momela. Hapo hutakiwa kulipa ada na kuandikwa jina, kisha hupewa askari mwenye bunduki wa kumtangulia, kwa sababu ya nyati. Mlima ulimtaka kijana yule haya yote. Watoto wetu hawakumtaka hata cheti.

Ningaliyapuuza mambo haya kama ningaliyaona peke yake. Lakini jioni ile nilimkuta mpwa wangu kwa mama, amerudi kutoka Arusha mjini na bahasha mkononi. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Alisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza mpaka shahada, na shahada yake ni ya ualimu wa lugha hiyo hiyo. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiingereza Korea ya Kusini kwa njia ya wakala mmoja. Aliniamkia, akakaa, kisha akaniambia, "Mjomba, nimekataliwa. Kiingereza changu hakikusomwa. Iliyosomwa ni pasipoti."

Nililichunguza jambo hili, nikaona kuwa alisema kweli tupu. Viza ambayo Korea huwapa walimu wa Kiingereza kutoka nje hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika ya Kusini. Mwombaji awe na shahada. Ya somo gani, viza haiulizi sana. Aliyesomea ufugaji wa kuku huko Kanada aweza kupita mlango ambao mwalimu wa Kiingereza wa Tanzania, Kenya au Uganda hapiti. Nayo Afrika ya Kusini imo katika orodha, hali watu wake ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama hawafiki mmoja kati ya kumi. Basi hata hoja ya lugha ya mama haisimami kwa miguu yake.

Anayepita mlango huo hukuta maisha ya starehe kiasi, ingawa si ya utukufu. Katika shule za Serikali hufundisha vipindi ishirini na viwili kwa wiki, hupewa nyumba bila kodi, na mkataba ukiisha hupewa mshahara wa mwezi mmoja wa ziada kwa kila mwaka aliotumika. Katika shule za binafsi za baada ya masomo, ambazo wenyeji huziita hagwon, huanza kazi alasiri na kumaliza usiku, kwa kuwa watoto huletwa kwake wakiisha kutoka shule ya mchana. Aghalabu huwa mgeni peke yake katika shule nzima. Chakula cha mchana hula pamoja na wenzake ambao mazungumzo yao hayafahamu, na hospitali au benki huenda akishikwa mkono kama mtoto. Aliyewahi kuishi ugenini atamhurumia.

Sasa nataka nizungumze na wale ambao, nikifika hapa, hunikatiza. Nimewasikia katika semina zetu na hata kwa wazazi: "Unaona? Korea imeendelea kwa sababu imethamini Kiingereza, hata inaleta wenye lugha kutoka ng'ambo. Nasi tufanye vivyo hivyo." Nathubutu kusema kwamba wasemao hivi wameona nusu ya jambo, na nusu waliyoiona ni ile isiyo na maana.

Ni kweli kwamba Wakorea wanakithamini Kiingereza, pengine kupita kiasi. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, siku ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu, ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua wakati watahiniwa wanaposikiliza sehemu ya Kiingereza, ili ngurumo isiwapoteze neno. Lakini mtahiniwa yule yule, akiisha kuweka chini karatasi ya Kiingereza, hushika karatasi ya fizikia, na fizikia imeandikwa kwa Kikorea. Kemia ni kwa Kikorea, hali kadhalika historia na hesabu. Yule mgeni aliyeletwa kwa ndege na kupewa nyumba ni mtumishi wa somo moja, na katika shule za Serikali husimama darasani pamoja na mwalimu Mkorea. Hakuna aliyefikiri kumkabidhi shule.

Wala hili halikuwajia kwa bahati. Japani iliitawala nchi ile kutoka mwaka 1910 mpaka 1945, na katika miaka ya mwisho Kikorea kilifukuzwa shuleni. Mwaka 1942 wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea walikamatwa kwa kosa la kutunga kamusi, na mswada wao ukachukuliwa. Ulipatikana katika ghala la stesheni ya reli ya Seoul mwaka 1945, baada ya vita, na kamusi ikakamilika kuchapwa mwaka 1957. Watu waliotiwa gerezani kwa ajili ya kamusi hawana haja ya kufundishwa na sisi tofauti kati ya kujifunza lugha na kujifunza kwa lugha.

Sisi tumeichukua desturi yao ya kumwita mgeni, tukaiacha nyumba waliyomwitia. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka huo ulipita hivi hivi. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Sekondari zimebaki na Kiingereza. Mtoto wa Ngarenanyuki aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, tena nyumbani anasema Kimeru, huingia kidato cha kwanza akakuta kila somo limevaa nguo ngeni. Hukariri asichokielewa. Mzazi anayeona hayo hukimbilia shule ya binafsi ifundishayo kwa Kiingereza tangu awali, na mwenye shule, ili apate wazazi wengi, humweka Mzungu wa wiki tatu mbele ya darasa na picha yake katika tangazo. Hapo ndipo kilipo chanzo cha neema niliyoalikwa kuitazama. Mzazi simlaumu, anaogopa, na hofu yake ina haki.

Wanaoniudhi ni wasomi wenzangu wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo mazito. Wasemapo hayo wakiwa Arusha hunishangaza zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao elfu tatu kutoka Ngarenanyuki, hatua chache tu kutoka Momela yetu, ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisema kwa Kiswahili, naye Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akamfasiria. Sheria, ardhi, dhuluma na haki ya watu chini ya udhamini: yote yalibebwa na lugha hii ambayo leo tunaambiwa haiwezi kubeba usanisinuru.

Sisemi Kiingereza kiondolewe. Nataka kifundishwe kama Wakorea wanavyokifundisha, yaani kiwe somo lenye saa zake, mwalimu wake aliyefunzwa kazi hiyo, na heshima yake. Masomo mengine ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili. Na mgeni akija, karibu. Akae kando ya mwalimu mwenyeji, asimsimamishe mlangoni.

Mpwa wangu sasa anafundisha katika sekondari moja ya kutwa upande ule wa Ngarenanyuki. Ajira ya Serikali hajaipata, basi hufundisha kwa kujitolea, na wazazi humchangia nauli na unga. Yule kijana wa mlimani naye aliitwa mtu wa kujitolea, na nilisikia kwamba alimlipa wakala wa kwao fedha nyingi ili apate nafasi hiyo. Nilimwuliza mkuu wa shule kwa nini asimchukue mpwa wangu, ambaye ana shahada na yuko karibu, tena angetosheka na mshahara mdogo. Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, huyo wazazi wanamjua. Ni mtoto wa hapa hapa."