Ufunguo wa Kanisa la Kigango



Ijumaa moja kabla ya majira ya kupanda, katekista wa kigango kimoja cha parokia yetu alifika ofisini kwangu kwa miguu, akaweka mezani daftari la wakatekumeni, kitabu cha sadaka na ufunguo wa kanisa. Akasema, "Karani, andika kwamba nimerudisha." Nikamkaribisha kiti. Hakuketi.

Sababu zake mnazijua, maana zimo katika kila kigango. Jumapili tatu mfululizo walikuja kusali bibi wazee wachache na watoto wao wadogo. Posho yake ni ndogo, tena huchelewa. Siku zote alizozunguka kuzika wafu na kuombea wagonjwa, mkewe alilima peke yake. Lakini lililomvunja moyo hasa ni neno lililosemwa kilabuni, kwamba amekula fedha zilizochangwa za kununua bati. Miaka kumi na minne amewafundisha dini watoto wa watu wale wale!

Mimi nimepita chuo cha ualimu, nikafundishwa namna ya kumsaidia mtoto aliyekata tamaa ya hesabu. Mtu mzima aliyechoka katika kazi ya Mungu sikufundishwa habari zake. Nilitaka kumpa maneno ya uvumilivu, nikaona haya, kwa kuwa yeye alikuwa ametembea saa tatu na mimi nimekaa kitini. Basi nikampa chai na viazi. Ndipo alipoketi.

Baadaye nilikumbuka kwamba Nabii Elia naye alitendewa hivyo. Someni wenyewe Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Baada ya mwendo wa siku arobaini ndipo Mungu aliposema naye mlimani, na hata hapo hakumsifu. Alimpa kazi, akampa Elisha wa kushika mahali pake, na yeye aliyelia kwamba amebaki peke yake akaambiwa wako watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti.

Chai ilipokwisha nilimsimulia habari za Adrian Atiman. Huyu alizaliwa yapata mwaka 1866 pande za Timbuktu, huko Afrika ya Magharibi. Aliibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria, na huko Mapadre Weupe wakamkomboa. Walimpeleka kisiwa cha Malta akasomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo leo katika mkoa wa Katavi, awe daktari na katekista. Hapakuwa kwao, wala hakuwa na ndugu hapo. Akaoa huko huko, na mwanawe Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Mzee Atiman aliendelea kufunga vidonda na kufundisha katekisimu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni, ni miaka 67. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukaondoka, ukaja wa Waingereza, naye yuko Karema.

Katekista alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo alikuwa na dawa, Karani. Mgonjwa wa kidonda akipona, kila mtu anaona. Mimi ninayefundisha dini nitajuaje nani amepona?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa kabatini kitabu cha ubatizo, nikafungua kurasa za kigango chake. Akapitisha kidole juu ya majina, polepole. "Huyu amekufa, nilimzika mimi. Huyu ni mtawa sasa. Huyu sijamwona tangu ndoa yake." Kidole kikasimama. "Na huyu ndiye aliyenisingizia." Tukatazamana, akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Sasa nanyi waumini, niwaambieni neno, hata kama litawachukiza. Tumezoea kumsifu katekista siku ya maziko yake, wakati hasikii tena. Kwa nini watu wa jumuiya wasiende asubuhi moja kumpalilia shamba? Tena sadaka na michango isiachwe mikononi mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu namna gani. Zihesabiwe na watu watatu mbele ya wote, na hesabu isomwe kanisani Jumapili ifuatayo. Mtu wa kilabuni atapata wapi la kusema?

Nawe katekista, usingoje mpaka uchovu ugeuke uchungu. Mwendee padre mapema, uungame, na ukihitaji mwezi wa kupumzika, uombe bila kuona haya. Elia alilala mara mbili.

Fedha zile za bati zilikuwamo zote katika hesabu ya parokia. Jumapili iliyofuata Padre alikwenda kigangoni akazisoma mbele ya watu, shilingi kwa shilingi. Yule msemaji hakuwapo, lakini nasikia mama yake alikuwapo.

Ufunguo ulikaa siku tisa katika mtoto wa meza yangu. Siku ya kumi, baada ya mvua ya usiku yenye upepo mkali, katekista alinigongea mlango alfajiri, matope mpaka magotini, akautaka. Alisema hakuja kuanza kazi; anataka tu kuona kama maji yameingia altareni. Nikampa. Daftari la wakatekumeni lingali mezani kwangu, wala sijaandika kwamba amerudisha.