Fedha za ndoo zisomwe mkutanoni

Mhariri,

Katika kijiji kimoja mkoani Singida, kituo cha kuchotea maji kilicho jirani na zahanati hakijatoa tone tangu pampu ilipokufa mwanzoni mwa kiangazi. Asiye na fedha huamkia bondeni kufukua mchanga. Mwenye nazo hununua dumu kwa vijana wa bodaboda, kwa bei inayopita mbali ile ya bombani. Pampu kufa wakazi wangevumilia. Wanachoshindwa kuvumilia ni kuambiwa wachange upya, ilhali kila ndoo iliyojazwa pale ililipiwa papo hapo.

Fedha hizo ziko wapi?

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ndiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), inavipa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii kazi ya kukusanya malipo, kuendesha mradi na kuutunza. Vingi vimeunganishwa vihudumie vijiji kadhaa kwa pamoja, ili viweze kuajiri fundi na mhasibu. Nia ni njema kabisa. Ila hapa mhasibu anakaa kijiji kingine, na tangu chombo kiunganishwe wanakijiji hawajasomewa mapato wala matumizi. Enzi za kamati ya maji ya kijiji chao, mweka hazina aliulizwa hata njiani, na alijibu.

Na maji yenyewe si hisani: Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400. Mita hizo 400 zilianza kuahidiwa mwaka 1971!

Kwenye usafi ndiko kunakouma zaidi. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilipofika, kaya zilichimba vyoo, waliochelewa wakatozwa faini, na vibuyu chirizi vya kunawia mikono vikatundikwa nje ya kila choo. Leo vinaning'inia vitupu. Wasichana wakiwa kwenye hedhi hawaendi shule, na mama anayekwenda kujifungua zahanati hubebewa dumu la maji pamoja na khanga zake.

Wakazi hawakatai kulipia maji. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uitishwe sasa, kabla ya mchango wowote. Viongozi wa chombo waje na taarifa ya benki, waseme kilichokusanywa, kilichotumika na bei ya pampu mpya, kisha taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Mkazi wa kijijini,
Singida